Jivu la Kilele cha Kushoto

— Ngano, ngano!
— Na ije, tumeketi!
— Ije na nini?
— Ije na kichwa, ije na mkia!
— Na anayesinzia?
— Asimuliwe na mbu!

Haya. Wewe uliye karibu na mlango, ufunge. Hadithi hii ina baridi yake, hatuhitaji nyingine.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na ziwa. Si ziwa la bondeni lenye viboko na mamba. Lilikuwa ziwa la juu, juu ya misitu, juu ya mianzi, huko ambako asubuhi maji hushika barafu ukingoni na kondoo huivunja kwa kwato wapate kunywa. Juu ya ziwa hilo vilisimama vilele vitatu vya mawe, na chini yake waliishi watu wa ziwani. Walifuga kondoo, wakarina asali, wakapanda ulezi kwenye miteremko ya chini.

Vilele vile havikuitwa majina. Watu wa ziwani walisema babu yao wa kwanza alioa binti wa mlima, basi vilele ni wakwe, na mkwe hatajwi jina, anayemtaja huota upele midomoni. Wakasema tu mzee wa kulia, mzee wa kati, mzee wa kushoto, tena kwa kuinamisha macho. Mzee wa kulia alikuwa mweupe wazi, anaonekana kutwa. Mzee wa kushoto alijifunika wingu tangu asubuhi hadi jioni, na mtu angeweza kuzeeka pale ziwani asimwone uso mara kumi. Heshima ilikuwa nyingi kule. Nyingi mno, kama mtakavyosikia.

Basi kulikuwa na mjane mmoja aitwaye Nakiete, na huyo mjane alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Namvua. Watu wenye watoto kumi hawajui habari ya mtoto mmoja. Mtoto mmoja akitoka kuchota maji, nyumba nzima imetoka.

Akaja muuza chumvi kutoka upande wa pili wa mlima, kijana mwenye adabu na meno mazuri. Akaleta chumvi, akaleta posa. Namvua akampenda, na Nakiete akasema sawa, kwa sababu mama mwenye akili hashindani na meno mazuri.

Mabinti wote wa ziwani waliotangulia waliolewa upande huu huu, kwenye matuta yanayoonekana. Namvua alikuwa wa kwanza kwenda upande wa pili, safari ya siku nyingi kuuzunguka mlima. Siku ya kumuaga, Nakiete akamkumbusha desturi ya kwao. Kila mwaka, mvua kubwa zikiisha, mwezi ukiandama, binti aliyeolewa hupanda kileleni kwa mzee wa kulia, akawasha kuni kavu na kuzifunika matawi mabichi. Moshi ukipanda, mama aliye ufukoni anajua mwanawe ni mzima. Naye mama huwasha wake, binti akajua mama ni mzima.

"Wa kulia," Nakiete alisema. "Usisahau, mwanangu. Wa kulia."

"Wa kulia, mama," alisema Namvua. Akaenda.

Mwaka wa kwanza mvua zikaisha, mwezi ukaandama. Nakiete akakusanya matawi yake ufukoni, akakaa, akamtazama mzee wa kulia. Akatazama asubuhi, akatazama mchana, akatazama jioni. Moshi haukupanda. Akaimba kidogo, maana mtu aliye peke yake lazima afanye kitu na mdomo:

Namvua, Namvua,
mwana wa pekee, washa nione.
Kuni ni zako, macho ni yangu,
washa nione.

Mwaka wa pili akakusanya matawi, akakaa, akatazama, akaimba. Moshi haukupanda. Mwaka wa tatu vivyo hivyo, na matawi yake mabichi yakamkaukia pale pale ufukoni bila kuguswa na moto.

Hapo akaja shemeji yake, Sangiwa, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Sangiwa hakuwa mtu mbaya. Alikaa chini, akakohoa, akasema polepole kwamba miaka mitatu bila moshi ni kifo, ndivyo sheria ilivyo. Maiti asiyeliliwa hutangatanga mlimani akipigwa baridi. Lazima waweke matanga, wanyoe vichwa, wamlilie Namvua apate kupumzika.

Nakiete aliijua sheria ile hadi mwisho wake. Mtu akishaliliwa, ameliliwa. Hata akirudi kwa miguu yake, akasimama uani na kuita hodi, hakuna wa kumwitikia. Ni mzimu, na mzimu ukiuitikia unakuchukua. Wakimlilia Namvua ilhali yu hai, atakuwa amekufa kwao milele.

"Shemeji," akasema, "nipe siku niende kwa wakwe. Kama mwanangu aliwasha, jivu litakuwapo. Kama hakuwasha, nitanyoa mimi mwenyewe, wa kwanza."

Sangiwa akawaza. Akampa siku nne. Jua la siku ya nne likisimama utosini, wembe unapita.

Nakiete akafunga viazi vya kuchoma katika nguo, akachukua kijinga cha moto ndani ya chungu kidogo chenye majivu, akashika fimbo, akapanda.

Siku ya kwanza akapanda kwa mzee wa kulia. Alipita ziwa, akapita nyasi ndefu zenye umande, akapita miti mifupi minene inayovaa majani yake makavu kama makoti, akafika kwenye changarawe ambako kila hatua mbili unazopanda unarudi moja. Pumzi ikawa fupi, masikio yakalia. Akageuka mara moja. Ziwa lilikuwa dogo chini yake, la buluu, tulivu, zuri kiasi cha kumtia mtu hasira. Akasema moyoni kwamba angemwonyesha Namvua.

Juu ya mawe alikaa Pimbi, mnene, anaota jua.

"Mama wa ziwani, unatafuta nini?"

"Natafuta jivu."

"Jivu la nini?"

"La moto wa mwanangu."

Pimbi akajikuna, akasema yeye hukaa hapo mwaka mzima na baridi yote ni yake. Laiti mtu angewasha moto hapo, yeye angekuwa wa kwanza kuuota. Hakuna moto uliowashwa. Aende akaulize kwa wa kati. Nakiete akatafuta mwenyewe chini ya kila jiwe, asimwamini, kwa sababu pimbi ni mvivu wa kutazama. Hapakuwa na jivu. Akalala pangoni, na Pimbi akaja kujibanza miguuni pake bila kuomba ruhusa.

Siku ya pili akavuka kwenye ukingo mwembamba akapanda kwa mzee wa kati. Upepo ulikuwa mkali, akawa anatembea kwa mikono na magoti. Aliimba wimbo wake, upepo ukaubeba nusu:

Namvua, Namvua,
mwana wa pekee, washa nione.

Juu alikaa Kunguru, yule mkubwa wa milimani mwenye shingo nyeupe.

"Mama wa ziwani, unatafuta nini?"

"Natafuta jivu."

"Jivu la nini?"

"La moto wa mwanangu."

Kunguru akainamisha kichwa upande. Akasema hapo hapajawashwa moto, lakini yeye huruka, na anayeruka huona. Mvua zikiisha, kuna mwanamke hupanda kutoka upande wa pili, na yeye hudokoa makombo ya chakula chake. Makombo matamu, akasema, ingawa machache.

"Hupanda wapi?" aliuliza Nakiete.

"Kwa yule aliyejifunika wingu."

Nakiete akakataa. Akasema mwanawe hawezi kukosea, alimwambia wa kulia, na mtoto mwenyewe akakariri wa kulia. Huyo ni mwanamke mwingine. Lakini usiku ule hakulala, na kulipokucha alikuwa tayari miguuni pa mzee wa kushoto.

Siku ya tatu akaingia ndani ya wingu. Hakuona mkono wake. Nguo zikalowa, fimbo ikateleza na kupotea, akapanda kwa kupapasa. Akapanda, akapanda, akapanda. Ghafla wingu likawa chini yake na jua likampiga usoni, na mbele yake ikafunguka nchi asiyoijua: mabonde ya kijani, mito miwili, na mbali kabisa, moshi mwembamba wa majiko. Alikuwa hajawahi kuuona mlima kwa nyuma. Nani pale ziwani aliwahi?

Juu ya jiwe alikaa Kinyonga.

"Mama wa ziwani, unatafuta nini?"

"Natafuta jivu."

"Jivu la nini?"

"La moto wa mwanangu."

Kinyonga akanyanyua mguu mmoja, akautafakari, akaushusha. Nanyi mnamjua Kinyonga, jicho moja hutazama huku na jicho jingine hutazama kule. "Simama hapa," akasema, "uipe mgongo kwenu. Itazame nchi ya mwanao. Sasa geuka utuangalie sisi vilele kama anavyotuangalia yeye anapotoka huko. Mzee wa kulia ni yupi?"

Nakiete akageuka, akanyoosha mkono wake wa kulia. Mkono ukasimama juu ya jiwe lile lile aliloketi Kinyonga.

Akaketi chini. Mtoto hakukosea. Mama hakukosea. Walimwogopa mkwe hata wasimpe jina, na mkono wa kulia ukageuka katikati ya mlima.

Jivu lilikuwapo. Mafiga matatu, na kando yake mafungu matatu ya jivu, moja la kila mwaka. Kinyonga akamsimulia kwamba binti aliwasha kila mwaka, akafunika matawi, akangoja. Wingu, ambalo hukaa upande wa ziwa tu, likipasuka kidogo aliona ziwa, aliona ufuko, lakini ufukoni hapakuwa na moshi wa kumjibu. Mwaka wa kwanza aliondoka analia. Mwaka wa pili aliondoka amenyamaza.

"Na mwaka huu?"

Jicho moja la Kinyonga likatazama chini ya jiwe. Nakiete akapapasa, akatoa kifurushi cha jani kavu kilichofungwa kwa ukambaa. Ndani mlikuwa na nywele. Nywele za mtu mzima, nyeusi, nzito, alizozisuka yeye mwenyewe mara ngapi. Na pamoja nazo kishungi kidogo laini cha nywele za mtoto mchanga.

Nakiete alikaa na nywele zile mapajani. Ana mjukuu. Na mjukuu huyo amenyolewa, amemlilia bibi yake. Miaka mitatu bila moshi ni kifo, ndivyo alivyomfundisha binti yake, na binti yake alikuwa msikivu. Yeye, Nakiete, aliyepanda mlima kwa miguu yake na ambaye magoti yanamuuma, alikuwa amekwisha kufa.

Akawasha moto. Akaufunika majani mabichi, moshi ukapanda mnene juu ya nchi ile ya pili. Akangoja. Hakuna aliyejibu.

"Moshi wa marehemu haujibiwi," alisema Kinyonga. "Atakuwa ameuona. Atakuwa ameupa mgongo."

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Nakiete akatazama chini upande wa pili. Siku mbili za kushuka, si zaidi, na angesimama mlangoni kwa Namvua. Angemshika. Angemlazimisha amtazame. Miguu yake ilishaanza kwenda, hatua moja, hatua mbili, hatua tatu.

Akasimama. Kesho jua likifika utosini, wembe unapita ziwani. Akishuka huku, binti yake atakuwa amekufa kule, na hapo watakuwa wamekufa wote wawili, kila mmoja kwa watu wa mwenzake. Akishuka kule, yeye atabaki mfu, lakini Namvua atabaki mzima kwao, na kigoda chake kitabaki mahali pake.

"Kinyonga," akasema, "afadhali nife mimi kwake kuliko afe yeye kwetu."

Akafunga jivu katika nguo, akaufunga tena ukambaa juu ya nywele na kuzirudisha chini ya jiwe, akashika njia ya ziwani. Alishuka usiku kucha akilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.

Siku ya nne wembe ulikuwa umeshalowekwa. Watu wa ukoo wameketi kwenye ngozi za kondoo, Sangiwa ameinamisha kichwa tayari kunyolewa wa kwanza, maana alimpenda yule mtoto. Nakiete akaingia uani, hana fimbo, hana sauti. Akamwaga jivu mbele yao.

Sangiwa akalishika kwa vidole. Akauliza kama amemwona.

"Sikumwona," alisema Nakiete. "Nimeuona moto wake. Miaka mitatu amewasha. Namvua ni mzima, shemeji. Marehemu ni mimi."

Akawaeleza yote, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Watu hawakujua wacheke au walie, wakafanya vyote viwili. Wembe ukakaushwa, ukarudishwa kwenye ala. Sangiwa akasema mtu atumwe kuuzunguka mlima akamwambie binti. Nakiete akamuuliza nani ataitikiwa huko akija na salamu za mzimu.

Mwaka huo ulikuwa mrefu, jamani. Nakiete aliamka, akakamua, akapika, akalala. Kila alipopika alipika kwa watu watatu. Alimtazama mzee wa kushoto kila asubuhi, wingu likamtazama yeye. Hamu ya mtu aliyekufa ina kikomo chake, watu husema, lakini hamu ya mtu aliye hai na humfikii haina. Hata asali ikamshinda.

Mvua zikaisha. Mwezi ukaandama. Nakiete hakukusanya matawi ufukoni. Alipanda, siku mbili mfululizo, akaingia katika wingu, akatokea juu ya wingu, akakaa juu ya lile jiwe. Hakuwasha moto. Alijua binti mwema hamwachi marehemu mama yake mwaka mzima bila kumpelekea chochote.

Na kweli, jua lilipopanda, mtu akatokea upande wa pili. Mwanamke, mtoto mgongoni, kibuyu mkononi. Amekonda kidogo, nywele zimerudi nusu. Nakiete akasimama.

Namvua akamwona. Akayainamisha macho papo hapo, akageuka, akampa mgongo kama sheria inavyotaka. Akapiga magoti, akaanza kumimina togwa kwenye mafiga, akisema kwa sauti ndogo kwamba mama apokee, mama alale, mama asije akawachukua.

"Namvua," aliita mama yake.

Kimya.

"Namvua."

Kimya, ila togwa likamwagika pembeni.

"Namvua, mwanangu."

Yule binti akaziba masikio kwa mikono yake miwili. Mtoto mgongoni akamtazama bibi yake, akanyonya kidole.

Nakiete akasogea. Angeweza kumkumbatia, lakini mizimu nayo hukumbatia, kila mtu anajua, na ndivyo inavyochukua watu. Angeweza kulia, lakini mizimu hulia. Akakiokota kibuyu, akanywa. Akakunja uso.

"Togwa hili lina mabonge," akasema. "Nani alikwambia ulezi unakorogwa umekaa? Mara ngapi nimekufundisha, simama, koroga, usiache mwiko? Umekuja huku umesahau hata kupika?"

Mikono ya Namvua ikashuka masikioni. Mzimu hula unachopewa. Mzimu husifu, hubariki, huomba uongezwe. Haijapata kusikika, huku wala huko, mzimu unaomsuta mtu kwa mabonge.

Akageuka polepole. Akamtazama mama yake kuanzia miguuni, kwenye nyayo zilizopasuka, kwenye magoti yenye vumbi, hadi kwenye ule uso uliokunjwa kwa togwa baya. Na midomo yake ikaanza kulipa deni la kuitwa mara tatu.

"Abee, mama," akasema. "Abee, mama. Abee."

Tangu siku ile watu wa ziwani wana majina ya vilele vyao, na midomo yao haikuota upele. Na binti anayeolewa mbali, mama yake humpandisha kwanza hadi juu, akamgeuza, akamwonyesha kwao kwa mbele na kwa nyuma, kisha ndipo humwacha aende. Adabu ni njema, wanangu, lakini mnayempenda mwambieni mahali kwa jina lake, msimwachie aibu ndiyo imwelekeze.

Mimi nilikuwapo, nyuma ya jiwe, na Pimbi. Tuliomba tulionje lile togwa, wakasema lililobaki ni mabonge matupu. Tukala hivyo hivyo.

Hadithi imeshuka mlimani, imechoka miguu. Aliye na moto na aisogezee.